Kituo Huanzia Kichochoroni

Uko jikoni Makina, uko kibandani kwako Gatina, au umekwama ndani ya matatu pale Dagoretti Corner, mada ya leo inakuhusu, kwa sababu inahusu njia yako ya kwenda kazini asubuhi na ya kurudi kwa watoto jioni.

Ukisafiri kwa Barabara ya Thika kutoka Kasarani kuja mjini, tazama katikati ya barabara, pale magari yanayoingia jijini yanapotengana na yanayotoka. Utaona majukwaa marefu membamba, yameinuliwa kutoka ardhini na kuezekwa. Hivyo ni vituo vya mabasi ya mwendo wa kasi, yale tunayoyaita BRT. Mwaka 2018 mistari myekundu ilichorwa kwenye barabara hiyo kuonyesha njia ya mabasi hayo. Ujenzi wa vituo ukaanza 2021. Miaka ikafuata bila basi la mfumo huo kusimama pale, na huku maelfu ya watu wakipita kando yake kila siku wakiwa wamebanana ndani ya matatu.

Kuchelewa huko kunauma, na wengi wamekuzungumzia. Mimi leo naomba tutazame jambo jingine, ambalo hata mabasi yakija kesho litabaki palepale. Nalo ni hili: kituo kilichojengwa katikati ya barabara kuu huanzia kichochoroni, pale mtu anapofunga mlango wake na kuanza kutembea. Asipopata njia ya kufika jukwaani akiwa salama, akiwa na nguvu na akiwa na nauli mkononi, basi la kasi halitamfaa kitu. Nataka tulipime wazo hili kwa mitaa miwili ninayoijua vyema, Kibera na Kawangware.

Kwanza tuelewane kwa nini kituo kiwekwe katikati, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hathubutu kusimama. Fikiria ukingo wa Barabara ya Ngong. Pembeni kuna matatu zinazoingia na kutoka steji, bodaboda zinazosubiri wateja, mikokoteni, magari yanayokata kuingia kituo cha petroli, lori linaloshusha soda dukani. Ukiliwekea basi njia yake pembeni hapo, njia hiyo itazibwa kabla ya saa moja asubuhi. Katikati ya barabara hakuna lango la duka wala kichochoro kinachomwaga magari. Basi likiwekewa njia yake hapo na kuzuiliwa magari mengine, litakwenda bila kusitasita hadi kituo kinachofuata. Isitoshe, jukwaa moja la katikati linahudumia pande zote mbili: wanaokwenda mjini wanapandia huku, wanaorudi wanashukia kule. Abiria hulipa nauli langoni kabla ya basi kufika, na sakafu ya jukwaa hulingana na sakafu ya basi. Mama mwenye mtoto mgongoni haparamii ngazi, na mtu wa kiti cha magurudumu anaingia akijisukuma mwenyewe. Milango ikifunguka, watu wanashuka na kupanda kwa pamoja, na basi linaondoka.

Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu nzuri. Lakini ina masharti yake. Hapa Kenya tunaendesha gari upande wa kushoto, na mlango wa matatu uko kushoto, upande wa ukingo. Basi linalopita kando ya jukwaa la katikati huliacha jukwaa hilo upande wake wa kulia, kwa hiyo lazima liwe na milango kulia. Ndiyo maana vituo vya aina hii haviwezi kuazimwa na matatu hata zikiruhusiwa kuingia njia hiyo: abiria angeshukia upande usio na jukwaa, barabarani. Jukwaa la katikati linangoja basi lililoundwa kwa ajili yake. Lisipokuja basi hilo, zege na vyuma vyote vile hubaki mapambo. Anayejenga kituo kabla ya kujua mabasi yatatoka wapi, yatanunuliwa na nani na yataendeshwa na nani, ametangulia mbele ya hesabu yake.

Sasa tuangalie ramani. Mamlaka ya uchukuzi ya eneo la jiji la Nairobi, NaMATA, iliundwa 2017. Mpango ambao mamlaka hiyo inausimamia una njia tano, nazo zimepewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Simba ndiyo ile ya Barabara ya Thika. Ndovu inatoka upande wa Limuru, inapita Kangemi kwa Waiyaki Way, inaingia mjini na kuelekea Kitengela. Chui inatoka upande wa Tala na Dandora, inapita mjini, kisha inafuata Barabara ya Ngong. Kifaru inapita upande wa Barabara ya Lang'ata.

Weka Kibera na Kawangware kwenye ramani hiyo, msikilizaji, na utaona kitu. Kawangware iko kati ya Waiyaki Way upande wa kaskazini na Barabara ya Ngong upande wa kusini, yaani kati ya Ndovu na Chui. Kibera iko kati ya Barabara ya Ngong na upande wa Barabara ya Lang'ata, yaani kati ya Chui na Kifaru. Njia zinawazunguka watu hawa, lakini hakuna inayoingia mtaani. Hilo peke yake si kosa, maana basi la mita 18 halina nafasi ndani ya Gatwekera kule Kibera wala Kawangware Congo. Lakini maana yake ni kwamba kila mkazi wa huko atakayelipanda atalifikia kwa miguu, kwa bodaboda au kwa matatu. Kwa watu hawa, nusu ya mfumo ni ile njia ya kufikia kituo.

Tena hatua za mwanzo zilizopangwa hazifiki hata kwenye kingo hizo. Simba, kwa hatua yake ya kwanza, inatoka Clayworks karibu na Kasarani na kuishia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Chui nayo, ile sehemu ambayo Umoja wa Ulaya, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Ufaransa zilijitokeza kuigharimia, inatoka Dandora na kuishia papo hapo hospitalini. Kituo cha mwisho ni Kenyatta. Toka hospitalini ukifuata Mbagathi Way, mwendo usio mrefu, unaingia Kibera. Fuata Barabara ya Ngong kilomita chache hadi Dagoretti Corner, pinda Naivasha Road, uko Kawangware. Basi la kasi limepangwa kugeuza kichwa mlangoni pa mitaa ambayo wakazi wake wanalihitaji zaidi ya karibu kila mtu jijini.

Kama umejiunga nasi sasa hivi, tunazungumza kuhusu vituo vya mabasi ya kasi katikati ya barabara kuu, na nafasi ya Kibera na Kawangware ndani ya mpango huo.

Tuwaangalie wasafiri wenyewe. Tafiti za uchukuzi jijini Nairobi zimesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 40 ya safari hufanywa kwa miguu. Anayetaka kuiona asilimia hiyo ikitembea aamke mapema aende Kibera. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo ya Kibra. Kabla jua halijapanda, wanaume na wanawake wanatoka Laini Saba, Soweto na Silanga, wengine wanafuata reli, wengine Mbagathi Way, wanashika njia kuelekea Industrial Area kutafuta kibarua. Wanatembea kwa sababu nauli ya asubuhi na ya jioni ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku, na wengine hawajui kama ujira huo utapatikana. Treni ya abiria inapita Kibera ikienda na kutoka upande wa Kikuyu, lakini ni ya nyakati chache, asubuhi na jioni, nayo huja imejaa.

Kawangware nako matatu zimeingia ndani ya maisha kiasi kwamba namba zao zimekuwa majina ya mahali. Mtu anasema anaishi Kawangware 46, au anakutana na mwenzake 56, na kila mtu anajua ni wapi. Asubuhi pale 46 mama mboga ameshateremsha magunia yake, wafanyakazi wa majumbani wanatembea kuelekea Lavington na Kileleshwa, mafundi wa ujenzi wanaelekea kokote wanakosikia kuna mjengo. Wengi wao hawaendi katikati ya jiji hata kidogo. Wanavuka kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Mpango wa mabasi ya kasi unaodhani kila mtu anakwenda mjini utawaacha hawa nje kabla haujaanza.

Sasa tufike kwenye kuvuka, maana hapa ndipo roho za watu zilipo. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi iliyokamilika 2012 wakati wa Rais Mwai Kibaki, ilileta njia nyingi na kasi kubwa, ikaleta pia vifo vya wavukao kwa miguu. Madaraja ya wapita njia yakajengwa, na hata hivyo watu waliendelea kukatiza chini, wakiruka vizuizi. Wako wanaosema hao ni wakaidi. Mimi nasema tulipigie hesabu daraja lenyewe.

Chukulia daraja linalopita juu ya malori limeinuka mita 6. Mteremko unaomfaa mtu wa kiti cha magurudumu, au mzee, au mjamzito, hupanda mita 1 kwa kila mita 12. Kwa hiyo mtu hutembea mita 72 akipanda, anavuka kidogo, kisha mita 72 akishuka hadi jukwaani. Jukwaa lililokuwa umbali wa kuitana limekuwa zaidi ya mita 140. Mpe mtu huyo gunia la viazi, au mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Mpe saa mbili usiku, taa za daraja zimezimika na hajui nani anamngoja kule juu. Kisha mwulize kwa nini alikata chini. Ukaidi hauna nafasi kubwa katika jibu lake.

Kituo kisicho na kivuko kizuri ni kisima kisicho na kamba. Maji yako pale, unayaona, na kiu inakuua.

Barabara ya Ngong inatupa nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Sehemu yake hadi Dagoretti Corner ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani, ikatengenezwa kuwa njia 2 kila upande, pamoja na njia za wanaotembea. Hii si Barabara ya Thika. Mtu anayevuka hapo kufika jukwaa la katikati angepita njia 2 za magari na moja ya basi, umbali mfupi. Kivuko cha chini chenye taa, kilichoinuliwa kidogo ili magari yapunguze mwendo, chenye mahali pa kusimama katikati, kingetosha. Mvukaji angebaki ardhini, angeonekana na watu, angefika jukwaani kwa dakika moja. Dereva atalazimika kungoja kwenye taa nyekundu, naam, atangoja. Barabara hiyo ni ya wote wawili.

Katika jambo hili tunaye jirani wa kujifunza kwake. Dar es Salaam ilianza huduma yake Mei 2016, mwendokasi kama wanavyouita wenyewe, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, jumla ya kilomita 21 hivi. Vituo vyake vingi viko katikati ya Barabara ya Morogoro. Rais John Magufuli aliuzindua mfumo huo rasmi Januari 2017, na Dar es Salaam ikawa jiji la kwanza Afrika kupewa Tuzo ya Uchukuzi Endelevu, ile ya 2018. Sehemu nyingi za njia hiyo, abiria hufika kituoni kwa kuvuka chini, kwenye pundamilia, bila kupanda mlima wa zege. Safari ya kutoka Kimara iliyokuwa ikila asubuhi nzima ya mtu ikafupika mno. Nauli ilipoanza ilikuwa shilingi 650 za Tanzania kwa njia kuu, na kwa shilingi 800 abiria aliunganisha njia kuu na basi la kulisha, lile linalowachukua watu mitaani na kuwaleta kwenye njia kuu. Jambo hili la mabasi ya kulisha ni kubwa. Lilimaanisha kwamba waliopanga walimfikiria mtu anayekaa mbali na barabara, wakamwekea tiketi moja ya safari nzima.

Lakini jirani yetu pia ametuonyesha matatizo yake, nasi tukiwa ndugu wa kweli tuyatazame kwa makini. Huduma ilianza na mabasi 140, na watu walikuwa wengi kuliko mabasi. Jioni vituoni pakawa na msongamano wa kutisha, watu wakiingilia madirishani. Kadi zikaja, zikasumbua, tiketi za karatasi zikarudi na foleni zake. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, bondeni mwa Mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja, maji yakaingia, barabara ikafungwa, huduma ikasimama. Kwa hiyo kituo kizuri na kivuko kizuri havitoshi. Lazima mabasi yawepo, yawe mengi, na yalale mahali pakavu. Nairobi nayo ina mabonde yake ya mito, na mtu wa Kibera aliyehamishwa na mafuriko anajua vizuri maji hupita wapi.

Addis Ababa walichagua treni nyepesi. Ilifunguliwa Septemba 2015, kilomita 34, sehemu kubwa ikipita katikati ya barabara na kuzungushiwa uzio. Treni hiyo ilibeba watu wengi kwa nauli ndogo, jambo la kheri. Lakini uzio uliwakata majirani waliokuwa wakivuka kwenda sokoni na kanisani, wakalazimika kuzunguka mbali, na baadaye treni nyingi zikaegeshwa kwa kukosa vipuri. Huko Chicago, Marekani, walipitisha treni katikati ya barabara kuu ya Congress tangu 1958, na hadi leo abiria wake husimama katikati ya kelele na moshi wa magari ya pande zote mbili. Naitaja ili tujue kwamba tatizo hili si la umaskini. Hata tajiri akikisahau kituo cha katikati, abiria wake huteseka.

Msikilizaji, kuna nafasi ya katikati ambayo Nairobi tayari imeitoa. Barabara ya Mwendo Kasi ya Nairobi, ile ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Nguzo zake zimesimama katikati ya Barabara ya Mombasa na Uhuru Highway, mahali ambapo jukwaa la abiria lingeweza kukaa. Anayelipa anapita juu. Bodaboda, tuktuk na mwenda kwa miguu hawaruhusiwi kupanda. Siwalaumu wanaoitumia, kila mtu anatafuta kufika mapema. Ila tuseme ukweli kwamba katikati ya barabara ni ardhi ya umma, tena ni ardhi adimu kuliko zote jijini, kwa sababu ndiyo pekee isiyo na foleni. Kila mara tunapoamua itumiwe na nani, tunaamua ni saa za nani zenye thamani. Saa ya kijakazi anayetoka Kawangware kwenda Lavington ina dakika 60 sawa na saa ya bosi wake.

Niguse pia walio njiani. Barabara yoyote inapopangwa karibu na Kibera, kuna mtu anayeishi au kuuza mahali ilipochorwa. Tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ya Lang'ata. Watu wanaokadiriwa kufikia 30,000 walipoteza makao, na shule zikaangushwa zikiwa katikati ya masomo ya mwaka. Lakini Kibera hiyohiyo ilikwisha kuona njia nyingine. Kando ya reli, Shirika la Reli kwa fedha za Benki ya Dunia lilihesabu waliokuwa wakiishi na kuuza karibu na reli, likawajengea nyumba na vibanda vya biashara, kisha likawahamisha. Mpango ule ulichukua miaka mingi na ulikuwa na malalamiko yake, ila ulionyesha kwamba mtu wa mabanda anaweza kuhesabiwa kama mtu. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia hapakuwa na mfano.

Naitaja historia hii kwa sababu ya Soko la Toi. Toi iko kati ya Kibera na Barabara ya Ngong, na Nairobi nzima inakwenda pale kununua mitumba. Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja na wenyewe wakalisimamisha tena. Kituo cha Chui kikijengwa karibu na Adams Arcade, Toi itakuwa hatua chache kutoka jukwaani. Inaweza kuwa baraka, wateja wakishuka na kuingia moja kwa moja sokoni. Inaweza pia kuwa mwanzo wa kuambiwa wahame kwa sababu ardhi imepanda bei. Wauzaji wa Toi wanapaswa kukaa mezani sasa, wakati ramani bado ni karatasi.

Na matatu? Haiwezekani kuzungumzia basi la kasi bila kuzungumza na watu wa 46, wa 8 ya Kibera, wa 111 ya Ngong. Dereva, makanga, fundi wa mitaani, mwenye gari aliyekopa benki, mama anayewauzia chai steji, wote wanakula hapo. Mpango unaowaona kama takataka za kufagiliwa utapigwa vita, na utastahili kupigwa. Mpango wenye busara utawapa kazi ya kulisha: matatu zichukue watu Kabiria, Gatina, Olympic na Kianda, ziwalete kituoni, tiketi iwe moja, na mwenye gari alipwe kwa safari anazofanya. Vyama vyao vya ushirika, SACCO, tayari vipo, hesabu zao zipo, njia wanazijua kuliko mhandisi yeyote.

Kuhusu nauli nitasema kwa ufupi. Kila mkazi wa Nairobi anajua kwamba mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, nauli ya matatu hupanda hadi mara mbili. Nauli isiyobadilika, iliyoandikwa langoni, ingekuwa heshima kubwa kwa mtu anayeishi kwa ujira wa siku. Lakini akidaiwa kununua kadi na kuijaza pesa ya wiki nzima, hatapanda, maana pesa ya wiki hana. Mfumo lazima umruhusu alipie safari moja, kwa sarafu au kwa simu, bila kutozwa zaidi ya mwenzake.

Nimalizie na kazi tuliyo nayo wewe na mimi. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, inaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pa umma na vyombo vya usafiri wa umma. Kaunti ya Nairobi yenyewe ilipitisha sera ya wanaotembea na waendesha baiskeli mwaka 2015, ikiahidi asilimia 20 ya fedha za barabara na uchukuzi kwa ajili yao. Na mradi mkubwa kama huu hauwezi kuanza bila tathmini ya mazingira na jamii, ambamo lazima umma usikilizwe. Sheria iko upande wetu. Kinachokosekana mara nyingi ni sisi wenyewe kuwa ukumbini siku hiyo, kwa sababu baraza limeitwa siku ya kazi, au tangazo limewekwa katika gazeti ambalo hatukulinunua. Basi chifu aulizwe, mwakilishi wa wadi aulizwe, kanisa na msikiti vitangaze.

Ukifika pale, wataalamu watakuonyesha picha nzuri za basi jekundu na jukwaa linalong'aa. Waache wamalize. Kisha uliza: njia itafika lini Dagoretti Corner badala ya kuishia hospitalini? Nitavuka kwa chini au kwa daraja, na taa itanipa sekunde ngapi? Mabasi ni mangapi, na ni nani amekwisha kuyalipia? Matatu za mtaani zitaunganishwa vipi? Muuzaji wa Toi na mwenye nyumba ya mabati watahesabiwa lini?

Na swali la kwanza kabisa liwe hili: nionyesheni kwa kidole, kwenye ramani yenu, njia ya kutoka mlangoni kwangu hadi jukwaani, nikiwa na mtoto, usiku, mvua ikinyesha. Wakishindwa kuionyesha, mpango wao haujakamilika. Unayo haki ya kusema hivyo mbele ya wote, na ya kudai maneno yako yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.